Baba, Bakrevete Bako Banataka Kwisha

Baba yangu,

We unajua masomo sikufika nayo mbali. Lakini kusema kwa mudomo njo kunanishindaka zaidi, basi leo naandika, na mwenye atasoma asome. Nimekasirika. Na sioni mutu wa kukasirikia isipokuwa we, juu we njo uliondoka bila kumaliza maneno.

Ni juu ya bakrevete bako. Bale uduvi badogo ba ziwa, mwenye hata mukubwa yabo hapite ukucha wangu wa kidole ya mwisho, mwili sawa maji, mpaka unaona chakula inapita ndani ya tumbo. Banataka kwisha. Na siku ule wa mwisho atakufa, mama anabeba kiyoo yako, ile sanduku yabo ya maji, anaenda kuuzishia mandazi ndani. Tulisikilizana vile kisha matanga. Alisema wakati kungali kenye kupumua mule ndani, hatagusa. Mi nikaitika kwa kichwa.

Unakumbuka siku uliileta? Ulikuwa ungali unazamia masamaki ya rangi kwa ule patroni mwenye kuyatuma Ulaya na ndege. Akakupatia akwariomu moja yenye pembe ilipasuka. Uliibeba kwa kichwa toka kando ya ziwa mpaka kwetu, na bajirani betu ba kwa Baraka, unabajua, bakauliza: "Papa, ni televizyo?" Ukabajibu ni yenyewe, lakini inashikaka shene moja tu, ile chaneli ya maji.

Ukaziba pembe na gundi. Ukatia muchanga, mawe yenye kuota majani ya kijani, na bakrevete benye ulitosha chini ya mawe kule Swima. Toka pale, kila magaribi, mi na we tunaikala mbele. Hatusemeshane. Bababa bengine banaongeaka na batoto yabo, bisi tulikuwaka tunaangalia miguu ya krevete ikikwangua jiwe, na mi niliona tumeongea sana.

Siku moja niliona moja amelala chini, mweupe, tupu ndani. Nikaanza kulia. Ukaniambia: "Hajafa. Amevua nguo. Muangalie kule nyuma ya jiwe, anasikia haya." Nikamutafuta, nikamuona, amejificha na ngozi ya mupya. Ukasema: "Huyu ni we kabisa."

Na kulikuwa ile beseni. Ukitaka kubadirisha maji, unachota ku ziwa, unamwanga ndani ya beseni nyuma ya jikoni, unaiacha jua ipige. Hata mama akinung'unika asema beseni ni yake, unaiacha. Nikakuuliza ni juu ya nini. Ukanijibu: "Maji nayo inachokaka na safari. Iache ipumuzike." Nikacheka. Nilizani ni muchezo, sawa ile ya televizyo. Sasa baba, kumwambia mutoto vile, ni kumwambia nini?

Kolera imerudi huku. Pale batu banachotaka maji ku ziwa, kuko mama moja anasimama na sirenge mukononi, ile bomba ya sindano, anatia dawa ya kolera ndani ya kila bidoni, kila dumu ya maji. Maji inanuka sawa uwanja ya hopitali. Mama yetu aliona maji ya kiyoo imeshuka, akasema hata bale badudu ni biumbe bya Mungu, basikunywe uchafu wakati ugonjwa iko inatembea. Akakamata bidoni ya kunywa, yenye ilikuwa imetoka tu kutiwa dawa, akamwanga yote mule ndani.

Nilikuwa kazini, nashusha mizigo ku maboti. Nikarudi nikakuta bakrevete banaruka-ruka, banaanguka na mbavu. Bengi balikuwa beupe tayari sawa mucele ya kupikwa. Mama alisimama pale na bidoni tupu mukononi. Akasema: "Nilibapatia maji ya muzuri." Mutu amekupa kitu yenye anajinyima, baba, utamugombeza? Nikamwanga ile maji nusu, nikatafuta ingine ya zamani mu mutungi, yenye haina dawa, nikaokota benye bamebakia.

Nikaenda kuchota mwenyewe. Kule mbali na ule mama wa dawa siwezi, ni pale maboti inamwangaka mazuti, mafuta ya moteri, maji inang'aa rangi rangi. Basi nikapanga mustari. Zamu ikafika. Nikasema na sauti ya chini: "Mama, hii yangu haiko ya kunywa."

Akasema bote banasemaka vile, kisha kesho banabebwa na pikipiki mpaka hopitali. "Ni ya nini basi?"

Nyuma yangu basichana balikuwa mustari muzima. Nikasikia haya kusema ni ya bakrevete. Nikasema ni ya kufulia. Akatia dawa. Dada moja nyuma akasema: "Huyu anafuaka nini? Hii shati yake na sabuni hawajuane." Bakacheka mpaka nikafika barabarani, na bidoni ikawa nzito mara mbili. Ule mama wa sirenge sikumukasirikia. Kolera iliingia kwake mbele ya kuingia kwa bengine, anajua kile anafanya. Nilikasirikia mudomo wangu.

Nikafika, nikamwanga ile maji ndani ya beseni na nguvu, nikaenda kazi. Sikuwaza kitu. Kesho yake, jua ilikuwa imepiga muzuri, nikainama ninawe uso. Haikunuka. Nikanusa tena. Hakuna dawa. Nikaikala chini pale pale kwenye udongo, juu nilisikia sauti yako: iache ipumuzike.

Kumbe haukuwa unacheza. Kolera ya mbele nayo, maji yenye ulichotaka ku ziwa ilitiwaka dawa. Ungesema tu: dawa inatoka na jua. Maneno mane, baba. Ulikuwa na miaka yote ile ya magaribi mbele ya kiyoo, na hayo mane ilikushinda. Unanipa muchezo, unakufa na maana. Na mi nilirisi kwako hii kunyamaza, sasa kati yetu babili bakrevete banataka kwisha.

Nilitia krevete moja ndani ya kikombe ya ile maji. Nikaangalia mpaka macho ikaniuma. Akatembea. Akaanza kukwangua kikombe. Njo nikatia maji ndani ya kiyoo, kidogo kidogo.

Bamebakia benye unaweza kubashika na kiganja kimoja. Lakini moja anabeba mayai chini ya tumbo, anayapepea na miguu bila kupumuzika. Mama alikuja na kitambaa, nazani alitaka kupima kiyoo, akainama. "Huyu iko na mimba," akasema. Akanung'unika asema basi atangojea azae, lakini asifikiri atalea batoto humu mpaka bazeeke. Akarudi kuuzisha mandazi ndani ya sahani yenye nailo juu. Mavumbi ya pikipiki inaingia, na banunuzi banamupita, banaenda kwa mwenye iko na kiyoo. Hiyo nayo inaniuma, baba. Sijue kama batoto ba krevete banakomaaka ndani ya kiyoo. Haukuniambia. Sina wa kuuliza.

Leo asubui jirani yetu, mama Furaha, aliingia nyuma ya jikoni na masufuria yake. Akaona beseni imejaa, akainama achote. Nilikuwa ndani, nikakimbilia mulango. Mama yetu alikuwa anakanda unga. Hakugeuka hata. Akasema: "Acha hiyo, mama Furaha. Maji ya baba yabo inapumuzika."

Ni mara ya kwanza anakutaja toka tukuzike.

Basi lala, baba. Hasira ingaliko. Siku tutaonana utanieleza yote, polepole, mpaka mwisho, bila muchezo.

Mi mutoto wako, ule wa kuangalia naye shene moja.