Mlango wa Pikapu ya Ireri

Jumanne, 4 Machi 2025

Harusi ya Wawira iko mikononi mwangu. Padri atasema yake, bibi arusi atavaa yake, lakini Gachoka nzima itakumbuka gari. Na gari ni mimi.

Pikapu ya marehemu ndugu yangu Ireri imekaa juani tangu tumzike. Ilikuwa bluu. Sasa ni jivu la jana. Binti yake Wawira hataki gari la kukodi. Ataenda kanisani na ya babake, ashukie mlango wa abiria, ule wenye jina — IRERI, GACHOKA — alilojiandikia marehemu mwenyewe kwa brashi na rangi nyeupe, vile pikapu za biashara huandikwa.

"Anko, watu wa bwana arusi, kina Gikunda, wanatoka Meru, hawakumjua baba," akasema. "Wasome tu."

Nikamwambia niliwahi kung'arisha gari la askofu kule Meru mpaka fahali akajiona mlangoni, akaanza kuchimba udongo akitaka vita. Akacheka. Lakini ni kweli. Karibu kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Embu. Duka la rangi za magari. Muuzaji anaitwa Caroline, anaongea huku anatafuna njugu. Rabingi, ile dawa ya kusugua rangi, kumbe ina ukoo: ya mchanga-mchanga, ya katikati, na laini kama losheni. Pedi nazo — za sponji, za manyoya. Akauliza kama rangi ni ya zamani, kama ina klia, ile rangi angavu ya kuikinga, juu. Nikasema ina kila kitu. Akasema basi nianze na laini, na sponji, nijaribu pembeni kidogo. Ikikataa ndio nipande kwa ya kali.

"Laini ni ya kupaka watoto," nikamwambia.

"Haya, anko. Lakini rangi ikitoka haikumbuki njia ya kurudi."

Nikachukua ile kali, ya mchanga-mchanga, na pedi ya manyoya. Nyeupe, nzito, kama kondoo wa ruracio, wa kupeleka mahari. Nilipoishika nilisahau niko dukani. Niliona boneti imekuwa bwawa, mawingu yanapita ndani yake polepole, hakuna anayeyaharakisha.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa niliazima mashine ya kung'arishia ya Gachoki, fundi wa hapa sokoni. Boneti kwanza. Jivu likaondoka, bluu ikatoka chini kama maji yanayotafutwa kiangazi. Pedi nayo ikawa bluu. Bibi yangu Wambeti akauliza kwani natoa uchafu ama natoa gari. Nikamweleza kwamba hiyo ni rangi inapumua.

Jioni nikakaa tu naangalia. Mti wa muguka, ule wa majani ya kutafuna, ulikuwa ndani ya boneti, na mbuzi, na anga lote la kwetu Mbeere. Nilingoja kidogo nione kama Ireri pia atapita.

Jumatano, 12 Machi

Mlango wa abiria. Mashine ikinguruma vile, akili inaenda mbali. Nilikuwa Meru, natembea mbele ya msafara, watu wa Gikunda wanaulizana huyu mkubwa ni nani. Nilipozima, kimya. Mlango ukang'aa kuliko vitu vyote nilivyowahi kung'arisha.

IRERI haiko. Iko GACHOKA, nusu. Jina lote liko kwenye manyoya ya pedi, uji mweupe.

Nimeiosha pedi kwa maji kidogo kidogo. Sijui nilidhani nitapata nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeegesha pikapu na ule upande wa jina umebanwa kwenye ua. Wawira amekuja na shangazi yake Kathambi. Wakazunguka boneti, wakajiangalia, Kathambi akatengeneza kitambaa chake hapo hapo. Akasema nimejua kazi. Nikasema hii bado ni kidogo.

"Anko, isogeze basi. Nataka kuona upande wa baba."

Nikasema betri imekufa.

"Basi tusukume. Si tuko watatu?"

Nikasema naenda kuchukua ufunguo. Niko chumbani. Ufunguo uko mfukoni. Nawasikia nje, Kathambi ameshashika mkia wa gari, wanahesabu moja, mbili, wanacheka.

Nitasema ni dawa mbaya ya Embu. Ama nitasema jua. Lakini wewe daftari unyamaze: herufi ya kwanza ilipoanza kufifia, niliiona. Niliiona vizuri sana. Ila pale pale uso wangu ulikuwa unaanza kutokea kwenye mlango, hauna mvi hata moja, nikasema niongeze kidogo tu.