Mnara wa Miti Iliyokwisha Kufa

Msituni, Geita
Agosti 1953

Kwa Baba yangu mpenzi, mzee Nkwabi,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba macho ya Mama yanaendelea vizuri tangu alipotoka hospitali ya Kolandoto. Mwambie asipepete mtama kwenye upepo kabla hayajapona. Najua hatasikia, lakini mwambie. Dada Limi ameshajifungua? Ng'ombe wanapata maji? Mimi sijambo kabisa, tena nimenenepa.

Nilikuaga nikisema nakwenda kutengeneza milango ya nyumba za mgodini. Kazi hiyo iliisha, ndipo Bwana Misitu akaniita. Alitaka mnara wa mbao juu ya kilima, ili kiangazi mtu asimame huko na kuuona moshi mapema, maana kila mwaka moto unakula msitu. Akaniachia niuchore mwenyewe. Baba, nilicheka peke yangu njiani kama mwehu. Mimi, mtoto wa mchunga ng'ombe, nichore mnara wa serikali!

Sasa sikia shida yangu. Chini ya kilima anakaa mzee Donatus, Mzinza, mfuga nyuki, na ana binti anayeitwa Klara. Nisizunguke: nampenda. Nilikwenda kwa mzee kwa adabu zote kujieleza. Akaniambia hatoi binti yake kwa seremala, kwa kuwa seremala ni shoka lenye miguu. Miti aliyotundikia mizinga baba yake imekwenda yote kuegemeza mashimo ya dhahabu, na mimi nimekuja kumalizia iliyobaki. Alisema mguu wake hautaukaribia mnara wangu, labda siku ya kuuangusha. Klara alikuwa nyuma ya nyumba akisikia kila neno.

Nilirudi nikakaa na penseli yangu, nikaamua kwamba sitakata mti mbichi hata mmoja. Nguzo nne nilizipata kwenye mininga iliyojifia yenyewe ikiwa wima. Ngazi na mbao nilizipasua kutoka magogo ya shimo lililofungwa, ambayo watu walikuwa wakiyafanya kuni. Nguzo sikuzichimbia, maana mchwa wa huku hawana dini. Nilizisimamisha juu ya mawe. Misumari nayo niliikataa, nikatumia vigingi, ili ubao ukioza utolewe huo tu na kuwekwa mwingine. Bwana Misitu aliutazama mchoro akauliza kama mnara hautayumba. Nilimjibu utayumba kidogo, kama dungu letu la kufukuzia ndege shambani, nao utatulia tena. Akakubali.

Siku ya kusimamisha nguzo, vijana wetu wa Kisukuma walikataa kushika kamba bila wimbo wa kulimia. Mmoja wao, Maige, akaongoza. Anaimba vibaya huyo, lakini kwa sauti kubwa, na nguzo zikasimama.

Kibanda cha juu nilikizungushia ukuta wa mbao mbili mbili zenye nafasi katikati, na nyufa nikaziziba kwa nta, kama Mama anavyoziba vibuyu vya maziwa. Klara ndiye aliyeniletea nta hiyo, bonge zima. Akaniambia nisiibanie, nipake mpaka ndani ya ukuta. Nikapaka kweli.

Lo, Baba! Wiki ile ile ya kukaguliwa, kundi la nyuki likahamia ndani ya ukuta. Bwana Misitu alifika nusu ya ngazi, akashuka mbio kofia ikabaki juu. Akaamuru nyuki wachomwe moto asubuhi na kibanda kivunjwe. Niliona kazi imekwenda, na Klara ndiyo basi tena.

Mzee Donatus kusikia nyuki watachomwa, hakukumbuka maneno yake. Jua likizama akaja na mzinga mtupu na mwenge wa majani unaofuka moshi, akapanda bila hata kunisalimu. Nikamfuata nikimbebea mzinga. Tuling'oa vigingi, ubao ukatoka bila kupasuka, akawahamisha nyuki polepole akiwabembeleza kama watoto. Alipomaliza hakushuka. Aliniuliza kila nguzo niliikata wapi, nami nikamweleza kila moja ilikuwa imekufia wapi. Akazipapasa, akaguna. Kisha akasema ameishi ndani ya msitu huu maisha yake yote bila kuuona mzima, na kumbe umebaki mdogo hivi. Macho yake yalilowa, Baba, na mimi nilimwonea huruma sana. Tulipofika chini akasema nimlete baba yangu wazungumze.

Bwana Misitu ameupokea mnara, na kofia yake ameipata.

Ndugu Cornel, wewe unayemsomea Baba, hapa punguza sauti. Kwa wafuga nyuki, hata mtoto mdogo anajua kwamba mzinga hupakwa nta ndani ili nyuki waje. Mimi niliyekulia kwenye maziwa ningejuaje? Nilipomwuliza Klara, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema baba yake hapandi kwa ajili ya mtu, lakini kwa ajili ya nyuki angepanda hata mbinguni. Nilinuna kidogo, halafu nikazidi kumpenda. Mzee hajui mpaka leo, na nakuomba, Baba, ukifika usimwambie.

Maana utafika, Baba. Mzee Donatus hataki ng'ombe wa mahari, kwa kuwa huku inzi wa ndorobo watawamaliza. Hataki mshenga pia. Anakutaka wewe mwenyewe. Aliniuliza kama mzee wa Kisukuma atakubali mwanawe aoe Mzinza na kuishi huku msituni. Nisamehe, Baba, furaha ilinizidi, mdomo ukatangulia. Nilimwambia nimeshakuandikia, nawe umeshajibu kwamba umekubali kwa moyo wote. Mama yake Klara ameshatenga mtama wa pombe ya kukupokea.

Mpe Mama shikamoo yangu, na mtoto wa Limi mbusu kwa niaba yangu kama amekwisha kuzaliwa. Wabeja, Baba, asante sana. Nakusihi, njoo.

Mimi mwanao mtiifu, kasoro mara hii moja,
Thobias Nkwabi