Kifungo cha Mkanda wa Mama

Chumba namba tisa,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko? Shemeji je, mgongo umepoa? Na mwanao Kidevu ameacha kukohoa? Sisi tunapumua tu. Macho yangu ndiyo yamechoka. Kutwa nimeinamia lenzi dukani kwa sonara nasoma chapa za vyombo vya fedha, nikirudi nyumbani hata tundu la sindano silioni.

Nisamehe kwa kimya. Tangu tumzike mama, kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito.

Sasa kuna jambo la shangazi. Alikuja wiki iliyopita, hata kitako hakukaa. Akasema, "Nataka kifungo cha mkanda cha mama yangu. Mama yenu alikichukua, nami nimenyamaza miaka yote kwa heshima ya kaka." Kumbe ndiyo maana hata maji alikuwa hanywi kwetu!

Unakikumbuka, kile cha fedha chenye nakshi ya majani, mama alichokuwa akivaa siku za kutoka. Nikaenda nacho kazini. Kwa nyuma, chini ya weusi wa ukongwe, nikakuta chapa tatu: herufi za jina la sonara, alama ya fedha safi, na herufi moja ndani ya ngao. Hiyo ya mwisho hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo ukiitafuta kwenye kitabu cha chapa unajua kitu kiligongwa chapa lini. Nikaitafuta. Ni miaka kumi na miwili baada ya bibi, mama yake shangazi, kufariki.

Sikujiamini. Anayetaka mama yake atoke safi anaweza kusoma apendavyo. Nikampa Miwani, yule mzee ninayefanya naye kazi, bila kumwambia ni cha nani. Akataja mwaka uleule.

Jana nikaenda kwa shangazi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumchoma. Nikampa lenzi, nikamfungulia na ukurasa. Akatazama chapa, akatazama kitabu, akarudia chapa.

"Mama alikufa nina miaka saba," akasema. "Hiki ndicho kitu pekee ninachokikumbuka kiunoni mwake. Sasa nilikuwa nakumbuka nini?"

Yale maneno ya kumchoma nikayaweka kando. Nikamwambia masonara hurudia mitindo, huenda bibi alikuwa na kinachofanana. Ni kweli hutokea. Kama kwake ilitokea hivyo, sijui.

Baadaye akasema, "Nimemkosea mama yenu."

Nikajibu, "Ndiyo, shangazi, umemkosea." Adabu ya kukataa ilikuwa imeniishia. Akalia, nami nikalia, chai ikapoa.

Nilipoinuka nilikiacha kifungo mezani kwake. Nusu yake ni yako, na sikukuuliza. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya mama yake mara ya pili.

Msalimie sana shemeji, umbusu Kidevu mashavu yote mawili. Shangazi naye anakusalimu. Ameniomba mwenyewe niandike hivyo. Mungu akulinde uendako na urudipo, na akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikichoka.