Pua Imerudi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepanda ngazi za nyumbani huku naimba. Mimi! Mke wangu kafungua mlango, kauliza nani kanilewesha. Hakuna. Ni kifua tu, kimefunguka. Sigara ilikuwa inanituma kama mtoto: mvua inanyesha, toka nje, wageni wamekaa, toka nje. Sasa hanitumi mtu. Ila laita bado naibeba, maana ndiyo inayowasha tanuri la mikate kazini. Jiko, mchomaji wetu, hajawahi kununua yake. Huyo ni wa kuazima tu, sigara na moto wake.

Jumatano, 5 Machi
Pua imerudi! Nimenusa hamira, sabuni ya mke wangu, soksi za Jiko (Mungu anisamehe). Halafu, nyuma ya mitungi — gesi. Kidogo, lakini gesi. Nimemwambia mjomba, mwenye bekari. Kainama, kasema hakuna kitu. Na ugoro ule puani atanusa nini? Jiko kadakia: arosto hiyo! Ukiacha sigara unanusa mpaka mizimu. Wamecheka. Nami nimecheka, ila moyoni nina hofu.

Alhamisi, 6 Machi
Usingizi wa mang'amung'amu. Je, kama ni arosto kweli? Mlango ukibamizwa naruka.
Kazini nimefunga koki ya mtungi. Mjomba kaifungua. Nimesema basi tupake povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, tuone panapotoa mapovu. Povu la nini! Yeye hupitisha moto wa laita taratibu kando ya mpira. Penye tundu panawaka, anaziba, yamekwisha. Kafundishwa na marehemu baba yake, na mzee alikufa kwa uzee, si kwa gesi. Kesho asubuhi atanionyesha, niache kuwatisha watu. Kwa laita yangu!
Mke wangu anasema hasara roho, usiende. Nisipoenda, wao je? Mjomba ndiye aliyenilea.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kwenye benchi la duka, ng'ambo ya barabara. Nisiposhika kalamu nitalia.
Mjomba alipofungua mlango, harufu ilinipiga usoni. Kali! Bekari ilikuwa imefungwa usiku kucha. Jiko anapiga miayo, hanusi chochote. Mjomba kanyoosha mkono: lete laita, mwanangu, tumalize mchezo.
Nikakimbia. Mtu mzima, na aproni! Nimevuka barabara bila kuhema, na laita kwenye ngumi. Naogopa. Nimewapigia zimamoto. Wako njiani, wamesema watu watoke, hata taa isiwashwe. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka: tokeni! Mjomba yuko mlangoni, mkono kiunoni, anasema namwaibisha mbele ya majirani. Kamnong'oneza Jiko kitu.
Jiko anavuka barabara, anacheka, sarafu mkononi. Anakuja hapa hapa.
Nimemwomba muuza duka asimuuzie kiberiti. Chondechonde, asimuuzie! Kanitazama kama kichaa. Kwani, kasema, aliyeacha sigara ni wewe, au mtaa mzima?
Mkono wake uko kwenye rafu ya viberiti tayari.