Kikombe cha Mafuta na Kuku wa Mama Marwa

Jumanne, mchana. Manyunyu tangu alfajiri, Tarime yote ni tope. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia uko kwenye hogo, kwa hiyo naenda polepole.

Jikoni kuna kuku. Nimemfunga kwenye mguu wa meza, na sijaweza kumchinja.

Aliletwa jana na mama yake Marwa. Marwa ni yule mchimbaji wa Nyangoto aliyefukiwa na shimo la dhahabu siku tatu, akatolewa hai, kisha akafia kwenye ndege niliyokuwa nairusha mimi. Mama alikuja kunishukuru.

Nimeiandika sentensi hiyo na imenibidi ninyanyuke kidogo.

"Ulijaribu, mura, kijana wangu," aliniambia. "Wengine hawakutaka hata kumbeba." Halafu akasema Alhamisi wazee watakaa wamlaani yule Mswahili aliyetia maji kwenye mafuta. Nilimpokea kuku kwa mkono mmoja, nikasema asante.

Huyo Mswahili ni mzee Juma, mtunza mapipa ya mafuta kwenye uwanja wetu wa udongo. Vijana wa mashimoni wameshaamua kwamba aliuza nusu ya mafuta akajazia maji. Yuko polisi, na nadhani mle ndani ni salama kwake kuliko nje. Tajiri mwenye ndege ameniletea maelezo yaliyochapwa tayari, kwamba kosa ni la mtunza mapipa. Inatakiwa sahihi yangu tu. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema. Safari hii Mnyamwezi ni mzee Juma.

Ilivyokuwa ni hivi.

Mapipa yetu hulazwa ubavu juu ya mbao. Siku shimo lilipoporomoka, wachimbaji walikuja mbio kutafuta mbao za kuegemeza kuta ili wamfikie Marwa. Mzee Juma alikataa. Alisema mapipa yakisimamishwa, mvua itatuama juu ya mfuniko na kupenya ndani. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mzee, mtu anakufa, wewe unalinda mbao?" Aliniangalia, akasogea pembeni. Walichukua zote, mapipa yakabaki yamesimama. Na kweli, bila zile mbao Marwa asingetoka.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo.

Asubuhi ya kuondoka walimleta juu ya machela ya magunia, miguu yote imevunjika, lakini anaongea. Aliomba chai. Watu walikuwa wameizunguka ndege, kila mmoja anasema twende, Mwanza ni mbali. Nilisukuma pampu mwenyewe ili tuwahi. Mzee Juma alitaka tuyachuje mafuta kwa kitambaa chake, taratibu kama kawaida yake. Nikamwambia aachane nacho.

Kabla ya kuruka, rubani hukinga mafuta kidogo chini ya kila bawa kwenye kikombe kinachoonyesha ndani. Mafuta yetu ni ya bluu. Maji hayana rangi na hukaa chini, kwa hiyo yakiwepo kidogo utaona mstari. Kikombe kikiwa maji matupu, hakuna mstari. Ndiyo maana tunafundishwa kukiweka mbele ya kitu cheupe, hata ubavu wa ndege, halafu kukinusa.

Mimi nilikiinua juu. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Niliona bluu, na ilikuwa bluu ya anga. Nikanusa, lakini mikono yangu ilikuwa imeloa mafuta ya pampu, kila kitu kilinuka mafuta. Nikamwaga, nikapanda.

Ubavu mweupe wa ndege ulikuwa hatua tatu kutoka niliposimama.

Mafuta mazuri yaliyobaki kwenye mipira ya kuelekea injini yalitupeleka hadi juu ya mikaratusi. Kisha injini ikakohoa, ikazima. Tuliangukia shamba la mahindi. Muuguzi aliyekuwa akimsindikiza Marwa alitoka na michubuko, mimi na mkono huu. Marwa alifumbua macho akauliza, "Tumefika?" Nikamwambia ndiyo. Alikufa kabla watu hawajatufikia.

Nimejitetea sana wiki hii. Mbao zilikwenda kuokoa mtu, na hilo sitalijutia. Lakini nilijua mapipa yamesimama na mvua imenyesha, na nikaondoka. Rubani ndiye wa mwisho kusema twende au hatuendi. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza, na nimewafundisha wengine.

Naogopa kupoteza leseni, ndiyo. Ila siyo hiyo iliyonifunga mdomo jana. Mimi ni mtoto wa Susuni, Mkurya wa hapa hapa Tarime. Nimemwona mtu aliyelaaniwa, hata ndugu zake wanapita upande wa pili wa barabara. Mama aliyefiwa alipotaja laana, mimi na mistari yangu ya ukapteni mabegani niliogopa kama mtoto. Nikajifariji kwamba mzee Juma asili yake ni pwani, laana ya kwetu haitamshika.

Niliwaza hivyo kweli. Nikiwa nimemshika kuku mkononi.

Maelezo ya tajiri nimeyachana. Nimeandika yangu, herufi zimepinda lakini zinasomeka: kikombe, anga, kitambaa kilichokataliwa, nani aliruhusu mbao. Nayaweka hapa mbele yenu kwanza kwa sababu najijua. Mkishasoma, sitaweza kurudi nyuma.

Kesho asubuhi nitapitia polisi nikayakabidhi, kisha nitambeba kuku nimrudishe Nyangoto. Alhamisi wazee wakikaa, wawe na jina sahihi.

Nitamwamkia mama Marwa shikamoo kabla sijasema lolote, maana hiyo ataiitikia. Nitakapoaga, sijui kama ataitikia.