Dawa ya Ilwad na Kompyuta Mliyobadilisha

Walaal Abdihafid, ndugu yangu,

Salaam aleikum. Simu yako haishiki, ndiyo nakuandikia email. Mimi mzima, bado napakia mbuzi kwa lori hapa Modogashe.

Jana nilimpeleka binti yangu Ilwad kliniki kuchukua dawa ya kifafa. Karani akasema kompyuta imebadilishwa. Ile kitu ya zamani ya kuweka majina imetolewa, mpya imetengenezwa na nyinyi watu wa programu ya bure. Nikamwambia mmoja wao ni ndugu yangu.

Akanipa vidonge vikubwa, vinne kila siku. Ilwad hunywa kimoja kidogo. Nikauliza kwa nini. Karani akajibu:

"Mzee, kompyuta imesoma. Wewe umesoma?"

Walaal, kuna Ilwad Diriye mwingine hapa, mama mzima. Wote wameandikwa tarehe moja Januari, kama sisi wote tusiojua siku ya kuzaliwa. Kitu yenu haikuangalia mwaka, imewafanya mtu mmoja, nikapewa dawa ya huyo mama.

Daktari anarudi Jumatatu. Vidonge vya zamani vimeisha, Ilwad hajanywa dawa tangu jana, na mkono umeanza kutetemeka. Mama yake alikufa hivyo, nikiwa nimemshika. Naogopa kumpa, naogopa kumnyima.

Rudisha ile ya zamani leo. Halafu mpigie karani, mwambie ni wewe umekosea. Mimi hanisikii.

Ndugu yako,
Diriye