Kabla Sijafika na Wageni wa Kaboni

Kasongo, Jumamosi, siku ya posho, nyuma ya mvua

Kwa Baba yangu mpendwa, Muzee Antoine, huko Kabambare,

Jambo sana, Baba. Barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na lile goti lako la kushoto liwe limepoa, likuruhusu kufika shambani bila kukaa njiani. Mama Dieudonnée anaendeleaje? Kikohozi chake kiliisha? Na kaka yangu Serge, mke wake na watoto, wote wazima? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha hata siku zisizo zake, njia ya sokoni imekuwa uji, na piki-piki zinalala katikati ya matope kama mbuzi. Lakini Mungu anatulinda.

Baba, najua umeudhika kwamba tangu nilipoacha kufundisha sijakueleza vizuri kazi ninayoifanya. Sikukuficha. Nilikuwa nangojea niielewe kwanza. Sasa naona nikiendelea kungojea nitachelewa, basi nakuandikia hivi hivi, kichwa kikiwa bado kimevurugika.

Mwaka jana walifika shuleni kwetu watu wa mradi mmoja. Walisema inchi yetu iko na misitu mingi, lakini haina watu wa kutosha wa kuisemea kwenye meza ambapo wakubwa wa dunia wanapatana juu ya joto na mvua. Walitaka kufundisha watu wa hapa hapa, ili tusingoje kila mara mgeni aje kutupimia pori letu. Nilipenda neno lile. Niliomba, wakanichukua. Walimu wenzangu walishangaa, maana Bruno, mwalimu wa biolojia anayejua miti yote kwa majina, aliachwa. Mimi nilishangaa kuliko wao.

Walitupeleka Kindu kusoma. Mkubwa wetu anaitwa Josué, mtu wa Bukavu, mpole, anayezungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alitufundisha kwamba moshi wa magari na viwanda vya mbali unapanda juu na kuifunika dunia kama blanketi, na kwamba miti inauvuta na kuuweka ndani ya mbao na ndani ya udongo. Hicho kinachowekwa ndicho wanachokiita kaboni. Hapo nilielewa. Halafu akasema kampuni za mbali zinaweza kulipa ili miti yetu isikatwe, na zikiisha kulipa zihesabiwe kwamba zimepunguza moshi wao. Hapo nikapotea. Nilimwuliza kama mwenye kulipa anaacha kutoa moshi. Akasema hapana, moshi unaendelea kutoka, ila kwenye hesabu umepungua. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nauliza kweli.

Siku nyingine walitufanya tuigize mkutano wa Leta, wakubwa wa serikali, nami nikapewa kuwa waziri. Nilikataa kutia sahihi mapatano mpaka niulize vijiji. Josué akasema waziri wa namna hiyo hapandi ndege ya mikutano mara mbili. Wote wakapiga makofi, na hata leo sijui kama walinisifu au walinicheka.

Tulipomaliza masomo nilitumwa Lusangi pamoja na Honorine, mwenzangu wa kazi, tukaeleze watu mambo hayo. Nilisema kwa Kiswahili, nikaongeza Kibangubangu. Mama mmoja, Safi, ambaye karanga zake ziliharibika kwa sababu mvua ilikawia kisha ikaja yote kwa mara moja, alisimama na kuuliza:

"Ni nyinyi bilo ya mvua? Mulikuwa wapi wakati karanga yangu inaoza?"

Nilimjibu kwamba sisi si bilo ya mvua, si ofisi inayoileta, lakini mvua imegeuka kwa sababu ya ule moshi wa mbali.

"Basi mutu mwenye moshi akuje anilimie," akasema. "Juu ya nini munakuja kwangu? Mimi sina hata piki-piki."

Kisha Asani, mchimbaji wa zahabu aliyetoka Kivu, akasema yeye hakati miti, anatoboa chini tu, basi naye alipwe. Watu wakaangua kicheko, halafu wakageuka kuniangalia mimi. Honorine aliangalia viatu vyake. Nilisema maneno mengi, Baba, na nilisema vizuri, hata Mama Safi akakaa. Njiani tukirudi, Honorine aliniuliza niliwajibu nini hasa. Sikuweza kukumbuka.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Wiki hii Josué alitandaza mezani ramani ya misitu wanayotaka kuanza nayo. Kidole chake kilifuata mto, kikapanda, kikasimama juu ya Kamulila. Pori letu, Baba. Pori lile ulilowafungia wachimbaji, na ambamo Serge anataka kukata shamba jipya kwa sababu la zamani limechoka na watoto wanaongezeka. Wao wanataka lisikatwe wala kuchomwa mpaka watoto wa Serge nao wawe na watoto. Kijiji kitapata dispanseri na sehemu ya malipo. Na anayetakiwa kutia sahihi ni wewe, mwenye inchi, mkubwa wa ardhi yetu.

Nikajua siku ile, Josué akiieleza ramani, kwamba walikwisha kuja kwako kabla ya kuja shuleni kwetu. Ukawapa chakula, ukawasikiliza mpaka mwisho, kisha ukawaambia waondoke mapema kwa sababu njia ni mbaya. Nilimwuliza Josué kwa nini hakuniambia. Alinijibu bila kuficha, tena kama mtu anayenisifu:

"Naomie, tulitafuta mutu mwenye muzee atamusikiliza. Ndiyo sababu tulikuchukua weye."

Nikamwuliza, na Bruno? Akasema Bruno anajua miti, lakini Bruno haiko mutoto wa Muzee Antoine.

Ndivyo ilivyo, Baba. Hawakunichagua kwa akili yangu. Walinisomesha ili nije kukuomba pori.

Nilifikiri nitakasirika, na hasira haikuja vizuri. Hata sisi tukienda kuposa, tunamtuma mtu ambaye baba wa binti hawezi kumfukuza. Tena maneno yao si ya uongo. Nimesoma, na naamini Kamulila ikisimama, chemchemi haitakauka. Lakini nimesoma pia karatasi yao, na haisemi ni nani atamlisha Serge na udongo wake uliochoka. Nimeuliza, wakasema hilo litaandikwa baadaye. Asubuhi naamka nikitaka ukubali. Jioni nataka ukatae.

Nilimwambia Josué nitakuandikia yote kabla hatujafika. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akasema niandike, yeye pia ana baba, ila nisitaje jina lake. Nimelitaja mara nyingi humu, unisaidie kulisahau.

Tutafika barabara ikikauka kidogo. Nitakuwa nimevaa shati la mradi, nitakaa upande wa wageni, na nitasema vizuri, kwa sababu hilo nimefundishwa. Wewe usiniangalie mimi. Waite wenye mashamba wote, na akina mama, uulize watoto watakula nini, na uulize tena mpaka wajibu kwa maandishi. Wakijibu vizuri, ukubali. Ukikataa, huenda nitarudi kutafuta darasa, kama bado kuna nafasi, lakini usilifikirie hilo. Au ulifikirie kidogo, mimi ni mtoto wako. Sijui. Ninalolijua bila kuvurugika ni hili tu: sitaki ukubali kwa ajili ya sauti yangu.

Msalimie Mama sana, na wanakwaya wote wa kanisa letu, na mke wa Serge. Mungu awape usingizi mzuri na mvua ya kipimo.

Na kwa kuwa macho yako hayapatani tena na herufi ndogo, najua ni Serge anayekusomea. Akifika penye jina lake akataka kuruka, umwambie arudie, asome kwa sauti.

Mimi binti yako,
Naomie